Jina la Kasoro

Neno usukani lilikuwa mali ya bahari kabla ya kuwa mali ya barabara. Lilikuwa jina la ubao uliofungwa nyuma ya chombo na kuzamishwa majini, ambao mshika usukani aliuelekeza kushoto au kulia, chombo kikamtii. Motokaa zilipofika pwani, watu hawakuhangaika kutafuta jina la gurudumu lile dogo lililo mbele ya kifua cha dereva. Walilipa jina la zamani, na walisema kweli. Motokaa isiyoshikika usukani, hata ikiwa na injini njema na rangi ya kung'aa, ni chombo kilichoachiwa mawimbi. Dereva aweza kuvumilia kiti kibovu, kioo kilichopasuka na mlango usiofungika. Usukani usiotii hauvumiliki hata kwa nusu dakika.

Kisa cha Chevrolet Cobalt ni kisa cha usukani, ijapokuwa wengi hukikumbuka kwa jina jingine. Cobalt ilikuwa motokaa ndogo ya bei nafuu, iliyoundwa na kampuni ya General Motors katika kiwanda cha Lordstown, jimbo la Ohio, Marekani. Ilitoka kiwandani tangu mwaka 2004 hadi 2010. Ilikuwa motokaa ya mtu anunuaye ya kwanza maishani mwake, au ya mzazi amnunuliaye mwanawe aanzaye kazi. Usukani wake haukusaidiwa na mafuta yasukumwayo kwa pampu, kama ilivyokuwa desturi ya motokaa za zamani, bali na mota ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye mhimili wake. Nguvu ya mikono ya dereva hupimwa, na mota huiongeza, hata mtu dhaifu akaweza kugeuza magurudumu bila jasho. Mota hiyo ikifa, usukani haukatiki. Chuma bado kimeunga mikono ya dereva na magurudumu. Lakini mikono iliyozoea kusaidiwa hujikuta peke yake kwa ghafula, na tofauti huonekana zaidi motokaa iendapo polepole, penye kona kali au mahali pa kuegesha. Kengele hulia, maandishi ya onyo hutokea mbele ya dereva, na gurudumu lililokuwa jepesi huwa zito kama jiwe la kusagia.

Wenye motokaa walilalamika. Mwezi wa Januari, 2010, idara ya serikali ya Marekani iangaliayo usalama wa barabarani ilifungua uchunguzi baada ya kupokea malalamiko zaidi ya 1,100, na ndani yake mlikuwa na habari za ajali 14 na mtu mmoja aliyeumia. Mwanzoni mwa Machi kampuni ilitangaza kwamba motokaa milioni 1.3, Cobalt na ndugu zake waliouzwa kwa majina mengine, zitaitwa kwa mafundi zibadilishiwe mota bila malipo. Kampuni ilieleza kuwa motokaa hizo bado zingeweza kuendeshwa, ila nguvu zaidi ingetakiwa katika mwendo mdogo. Hata hivyo iliziita. Uzito wa usukani, peke yake, ulihesabiwa kuwa jambo la usalama, na hapana mtu mwenye akili aliyesema kuwa hesabu hiyo ilikosewa.

Tendo hili bado halijapata katika Kiswahili jina lililotulia. Wengine husema motokaa zimerudishwa, kana kwamba wenyewe wamezichoka. Wengine husema zimeitwa. Neno la pili lafaa zaidi, kwa sababu mwito hauwi bila mwitaji, na mwitaji huyu ni yule yule aliyeuza. Kuita ni kukiri. Ndiyo sababu kampuni nyingi huwa na ulimi mzito wakati wa kuita, ingawa zilikuwa na ulimi mwepesi wakati wa kuuza.

Siku zile zile za Machi, 2010, ndani ya motokaa hizo hizo mlikuwa na kasoro nyingine, kubwa kuliko ile iliyotangazwa, ambayo haikuitiwa hata motokaa moja. Ilikaa katika swichi ya ufunguo. Swichi ya namna hiyo huzuiwa mahali pake na kipande kidogo kisukumwacho na springi, ili ufunguo usigeuke ila kwa kutaka kwa dereva. Springi ya Cobalt ilikuwa dhaifu. Haikufikia kipimo kilichowekwa na kampuni yenyewe, na mhandisi mwenye dhamana aliiidhinisha katika mwaka 2002 hali akijua haikufikia. Goti la dereva likigusa funguo, au pete nzito ya funguo ikitikiswa na shimo la barabarani, ufunguo uliweza kurudi nyuma hatua moja, kutoka mahali pa mwendo hadi mahali pa redio. Hapo injini huzima. Mota ya usukani hupoteza umeme. Breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Na mifuko ya hewa, iliyowekwa ili ifumuke na kumkinga mtu katika ajali, haifumuki, kwa kuwa chombo kiiamrishacho kimeambiwa kwamba motokaa imezimwa.

Basi dereva wa Cobalt ambaye mota yake ya usukani imekufa alikuwa na kasoro ya usalama. Na dereva wa Cobalt ambaye mota hiyo hiyo imekosa umeme, pamoja na injini, breki na mifuko ya hewa, alikuwa na nini? Katika majalada ya kampuni jibu lilikuwa limeandikwa kwa miaka mingi: alikuwa na jambo la usumbufu kwa mteja. Jalada lilifunguliwa mwaka 2004, likafungwa bila tengenezo mwaka 2005. Likafunguliwa tena, likafungwa tena. Hoja yao ilikuwa fupi. Injini ikizimika katika mwendo, walisema, dereva bado aweza kuuzungusha usukani na kuipeleka motokaa kando ya njia. Kwa hiyo si hatari, ni kero. Usukani, ulioitiwa motokaa milioni 1.3 kwa sababu ya uzito wake, ulikuwa hapo kabla shahidi wa kwamba mambo yote ni salama.

Si haki kusema kwamba wahandisi wale walikuwa watu waovu waliokaa mezani kupanga vifo. Anton Valukas, mwanasheria aliyepewa kazi ya kuchunguza jambo hili, na ambaye ripoti yake ya kurasa zaidi ya 300 ilitolewa Juni, 2014, aliona kitu kilicho kidogo kuliko uovu, na pengine cha kutisha zaidi. Waliolishughulikia jalada hawakujua jinsi motokaa yao wenyewe ilivyoundwa. Hawakufahamu kwamba ufunguo ukirudi nyuma mifuko ya hewa hulala. Na kwa kuwa kasoro ilikwisha kupewa jina la usumbufu, haikuwako sababu ya kulitafuta fungamano hilo. Jina lilitangulia, na uchunguzi ukafuata njia iliyochorwa na jina. Jambo la usumbufu hupimwa kwa bei: tengenezo lagharimu kiasi gani, litachukua muda gani, litapunguza malalamiko mangapi? Jambo la usalama halipimwi hivyo. Mbele ya kamati ya Bunge la Marekani ilitajwa baadaye kwamba tengenezo la swichi moja lilikuwa la senti 57.

Kampuni ilikuwa na uangalifu mkubwa wa maneno. Katika mwaka 2008 wafanyakazi walifundishwa jinsi ya kuandika habari za matatizo ya motokaa, na somo hilo lilikuwa na orodha ya maneno 69 yasiyotakiwa. Neno kasoro lilikuwamo. Mahali pake iandikwe kwamba kitu hakifanyi kazi kama kilivyokusudiwa. Neno tatizo liliwekwa kando, litumike neno jambo, au hali. Wanafunzi wa lugha hufundishwa kuwa neno zuri ni lile lililo karibu na kitu chake. Hapa palikuwa na shule iliyofundisha kinyume, na wanafunzi wake walifaulu. Baadhi yao, kwa ushahidi wa ripoti ya Valukas, waliacha hata kuandika yaliyosemwa katika mikutano, kwa kudhani kwamba wanasheria wa kampuni hawakupenda yaandikwe.

Kulikuwa na mikutano mingi. Watu wa pwani wana methali isemayo kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini methali hiyo yawazia manahodha wanaogombania usukani, kila mmoja akitaka kuushika. Katika kisa hiki hapakuwa na mgombanio. Ripoti yataja ishara mbili zilizojulikana sana ndani ya kampuni. Ya kwanza ni kutikisa kichwa: wote waliomo chumbani hukubali shauri lililotolewa, kisha hutoka, na kila mmoja hujua kuwa hatalifuata. Ya pili ni kukunja mikono kifuani na kuelekeza vidole nje, huku na huku, maana yake dhamana ni ya mwingine. Chombo kiliwaona manahodha wakipita mmoja mmoja mbele ya usukani, kila mmoja akimpisha mwenziwe kwa adabu.

Na huku nje ya vyumba hivyo, mtu asiye mhandisi alikuwa amekwisha liona jambo. Askari wa polisi wa jimbo la Wisconsin alichunguza ajali ya Cobalt ya mwaka 2006 ambamo wasichana wawili walikufa. Katika ripoti yake ya Februari, 2007, alieleza kwamba ufunguo ulikutwa mahali pa redio, kwamba mifuko ya hewa haikufumuka, na kwamba yaelekea mambo hayo mawili yalihusiana. Ripoti yake ilifika katika majalada ya kampuni mwaka ule ule wa 2007, ikakaa humo. Askari huyo hakuwa na orodha ya maneno 69. Alikuwa na motokaa iliyopondeka, na alitazama.

Kampuni haikubaki bila kufanya lolote. Mwaka 2006 mhandisi yule yule wa swichi alitia sahihi badiliko: kipande cha kuzuia kirefushwe na springi iwe na nguvu zaidi. Tengenezo lilikuwa jema. Lakini swichi mpya ilipewa namba ile ile ya swichi ya zamani. Kila fundi ajua kwamba namba ni jina la kipuli, na kwamba kipuli kilichobadilika lazima kibadilishwe jina. Basi ajali zilipopungua katika motokaa za 2008 na zile za baadaye, wachunguzi wa kampuni walishangaa. Walitafuta sababu kwa miaka wasiipate, maana makaratasi yao yaliapa kwamba swichi zote ni moja. Hapo kwanza kitu kimoja kilinyimwa jina lake. Sasa vitu viwili vikapewa jina moja. Upofu uliotokea ulikuwa ule ule.

Aliyeuvunja alikuwa mhandisi wa nje. Katika Machi ile ile ya 2010, siku chache baada ya kutangazwa mwito wa usukani, mwanamke kijana alikufa ndani ya Cobalt katika jimbo la Georgia. Wazazi wake walikwenda mahakamani, na wakili wao akamwajiri mhandisi huyo. Alilinganisha swichi iliyotoka katika motokaa ya marehemu na swichi mpya iliyonunuliwa kama kipuli. Alizifungua, akazipima, akaona kwamba hazilingani. Kazi iliyowashinda wengi kwa miaka ilimalizwa kwa vitu viwili vilivyowekwa mezani kando kwa kando.

Mwito ulikuja Februari, 2014, ukaja kwa mafungu: kwanza motokaa zaidi ya 700,000, kisha nyingine, hata mwisho wa Machi hesabu ilikuwa karibu milioni 2.6. Mary Barra, aliyeushika uongozi wa kampuni Januari mwaka huo, aliomba radhi mbele ya kamati ya Bunge tarehe 1 Aprili. Wafanyakazi 15 waliondolewa kazini. Kampuni ilikuwa imetaja vifo 13. Mfuko wa fidia uliosimamiwa na Kenneth Feinberg ulipomaliza kazi yake mwaka 2015 ulikuwa umekubali madai ya vifo 124 na majeruhi 275. Septemba mwaka huo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 ili kuyamaliza mashtaka ya jinai ya serikali. Fedha hizo ni nyingi. Walakini hesabu ya senti 57 mara milioni 2.6 haifiki hata milioni 2, na mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuipiga.

Barua za mwito zilipelekwa kwa majina yaliyoandikwa katika daftari la usajili. Huo ndio udhaifu wa barua za namna hii popote zitumwapo. Motokaa iliyouzwa mara ya pili na ya tatu hupishana na barua yake njiani. Na ile iliyopakiwa melini baada ya kutumika Japani, ikashushwa Mombasa au Dar es Salaam, huweza kufika na kasoro yake huku barua ikibaki kwa mtu aliyekwisha kuisahau. Hata waliopata barua zao katika Marekani hawakupata tengenezo siku ile. Swichi mpya zilikuwa hazijaundwa za kutosha, na mafundi hawakuanza kuzipokea mpaka Aprili. Katika muda wa kungoja, kampuni iliwashauri wenye motokaa waondoe kila kitu katika pete zao, ufunguo wa nyumba, wa ofisi, wa sanduku, waendeshe na ufunguo wa motokaa ukiwa peke yake. Shauri la kuondoa vitu vizito katika pete lilikuwa limekwisha kuandikwa katika waraka uliopelekwa kwa wauzaji wa motokaa hizo, mwezi wa Desemba, 2005.