Mzinga wa Mti

Sisi tufundishao lugha kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, huunda na wanafunzi wetu mifano midogo ya meli za mbao. Safari hii tulichagua Graf von Götzen, ambayo baadaye ilipewa jina la Liemba.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa masandukuni, kisha ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini 1915. Urefu wake ni kama mita 71. Nasi, kwa kipimo cha 1 kwa 100, tukapata sentimita 71.

Kupima ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuuliza: ya mwaka gani? Mzinga wake wa milimita 105 ulitoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji 1915. Lakini 1916 uliondolewa kwenda vitani nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mti ili kumhadaa adui. Julai mwaka huohuo Wajerumani wenyewe wakaizamisha meli.

Wanafunzi wengi waliutaka mzinga wa kweli, kwa fahari yake. Tukawaambia: aandikaye 1915 na aupake rangi ya chuma, aandikaye Julai 1916 na auache mti uonekane. Vita vile vilipiganwa mbele ya mababu zao; ni haki yao kujua ni kipi kilikuwa chuma na kipi kilikuwa kitisho tu.

Neno nalo, walimu wenzetu, lina mwaka wake.