Stika ya Mjomba

Yeyote aliyepata kusimama katika stendi ya Singida, au kando ya barabara kuu iendayo Nzega na Mwanza, ameona kwamba magari yetu husema. Lori moja limeandikwa "Asante Yesu", jingine "Mungu ni Mwema", na pikipiki nayo ina "Damu ya Yesu" juu ya madigadi. Ndugu zetu Waislamu nao huandika "Mashaallah". Desturi hii si ngeni kwetu, maana kanga za mama zetu nazo zina maneno, na kila avaaye huchagua la kwake.

Mjomba wangu ni dereva wa Fuso. Hupakia vitunguu hapa Singida na kuvipeleka Mwanza. Nyuma ya gari lake pana stika kubwa ya manjano, "YESU KWANZA". Aliinunua kwa kijana mmoja stendi, nami ndiye niliyefuta vumbi mahali pa kuibandika. Nilijivuna sana siku ile.

Katika likizo ya mwezi wa Juni mjomba alinichukua nikamsalimu bibi huko Shelui. Tulipofika Iguguno palikuwa na kibao cha 50, yaani dereva asizidi kilomita 50 kwa saa, lakini mjomba hakupunguza mwendo. Mbele yetu alikuwa mzee mmoja juu ya baiskeli, amefunga tenga la kuku nyuma. Mjomba akapiga honi, akapita karibu naye mno. Nilipotazama katika kioo cha pembeni, nikamwona mzee akiingia mtaroni pamoja na tenga lake. Nami, nasema kwa aibu, nilicheka. Hatukusimama.

Hatukufika mbali, gurudumu la nyuma likapata pancha. Tungali twahangaika na jeki, yule mzee akatokea akisukuma baiskeli yake. Kuku wawili walikuwa wamekufa. Tukadhani atatutukana. Akaegemeza baiskeli, akasoma stika polepole, kisha akasema, "Mwanangu, hapa umeandika Yesu kwanza, lakini njiani wa kwanza ni wewe." Hakuongeza neno. Akatafuta mawe mawili, akayaweka kwenye magurudumu ili gari lisije likaserereka.

Mjomba aliona haya. Akamwomba mzee radhi, akamlipa kuku wake wote wawili. Mlima Sekenke tuliuteremka kwa gia nzito, polepole, wala hapana aliyesema neno.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya stika. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, polisi hukagua kwanza breki, taa na matairi, ndipo gari hupata stika yao. Lakini stika ya Yesu hununuliwa stendi, wala hakuna amkaguaye mnunuzi. Tena hubandikwa nyuma, na dereva mwenyewe haioni awapo safarini. Waionao ni wale aliowapita na kuwaacha. Kwao maneno yale ni ahadi, na wao ndio wajuao kama imetimizwa.

Sisemi kwamba stika hizi zibanduliwe. Mkristo hana sababu ya kuona haya kumtaja Bwana wake. Nilimwuliza mjomba kama ataibandua ya kwake. Akajibu, "Hapana, mwanangu. Nikiibandua, nitakuwa nimekimbia. Heri niendeshe kama ilivyoandikwa." Tuliporudi Singida alininunulia nami moja kama ile, ndogo, nije nayo shuleni.

Sikuibandika juu ya tranka langu ambapo bweni zima lingeiona. Nimeibandika ndani ya kifuniko. Wenzangu hawaisomi, naisoma mimi, kila asubuhi nifunguapo kuchukua kikombe changu na kwenda kwenye foleni ya uji, mahali ambapo hapo zamani nalizoea kuwasukuma wadogo wa Kidato cha Kwanza ili nitangulie.