Nilimkatalia Mtu-Joka Mezani, Kumbe Ramani Yangu Yenyewe Ilikuwa Kipande Tu

Leo sina stori ya nani kamwacha nani wala nani kaonekana wapi usiku wa manane. Leo najianika mwenyewe. Majina nayaficha kama kawaida yetu hapa, ila wahusika wakisoma watajijua.

Kwa wasionijua upande huu: mimi ni mchezaji wa Dungeons & Dragons. Ule mchezo wa kukaa mezani, kila mtu ana mhusika wake, mnarusha dadu, na mmoja wenu ndiye msimulizi anayesema dunia inawajibu nini. Ulitoka Marekani 1974, waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson. Wengi wenu mmeusikia kupitia gemu la Baldur's Gate 3 lililotoka 2023. Na kabla hujanivaa kwenye komenti kwamba naleta ushirikina, miungu nitakayoitaja hapa ni ya kutunga, kama majini ya kwenye hadithi za bibi. Tuendelee.

Msimulizi wa kundi letu ni mimi. Tulikuwa watano, kila Jumamosi jioni, sebuleni kwa mshkaji mmoja Sinza. Dunia tuliyochezea inaitwa Greyhawk, ya Gygax mwenyewe. Anko wangu alikuwa baharia, aliniletea boksi lake la zamani la 1983, vitabu viwili na ramani kubwa mno, ukiitandaza inafunika kitanda. Nililisoma na kamusi pembeni miaka miwili. Sio siri, form four nilipata ziro. Nyumbani kila mtu alikuwa na kitu anachokijua, mimi nilikuwa na ile ramani. Nilijua kila mto, kila mfalme, nani kampiga nani. Pale mezani mimi ndiye niliyekuwa profesa.

Sasa mwaka jana mshkaji akamleta dada mmoja ajiunge. Mpole, anaongea taratibu. Mchezo aliujulia kwenye video za Baldur's Gate 3. Nikamuuliza anataka kuwa nani. Akafungua daftari, kaandika kurasa tatu. Anataka kuwa mtu-joka, wale wenye kichwa cha joka na mwili wa binadamu, wanaotema moto. Halafu awe kuhani wa Malkia Kunguru, mungu wa kike wa kifo anayehakikisha kila marehemu anafika anakotakiwa kufika, asizuiwe njiani na asirudishwe kama mzuka.

Nikacheka. Kweli kabisa, nilicheka mbele ya watu. Nikamwambia, "Dada, hao vitu vya juzi. Hii ni Greyhawk. Hakuna watu-joka hapa, na huyo Malkia wako hayupo. Chagua elfi, au kibeti, au binadamu."

Akauliza, "Kaka, hata akiwa mmoja tu?"

Nikajibu, "Hapa siyo maonyesho ya mavazi."

Akafunga daftari. Akakaa mpaka mwisho kwa heshima, akaaga, hakurudi. Wiki iliyofuata mshkaji mwenye sebule akasema ana kazi. Iliyofuata mwingine akasema anaumwa. Kundi la WhatsApp likawa la kutumiana "Jumamosi njema" tu. Nikajiambia shauri yao, nimeilinda dunia.

Miezi miwili baadaye nakutana na mshkaji kwenye daladala. Nikaanza kulalamika. Akaniangalia, akasema, "Bro, yule dada kampoteza mama yake Machi. Alifia mkoani, yeye alikuwa huku, hakuwahi mazishi. Unadhani zile kurasa tatu zilikuwa za nini?"

Nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu. Nilikuwa sijui, ni kweli. Ila ukweli mwingine ni kwamba sikuuliza.

Usiku ule nikalitoa boksi. Kichwani nilikuwa nimejipanga kwamba kumwonea huruma ni jambo moja na sheria za dunia ni jambo lingine, kwamba cha kale kina haki ya kubaki cha kale. Nikaanza kutafuta kwenye vitabu na mtandaoni jinsi hicho cha kale kilivyokaa. Ndipo nilipoaibika mara ya pili.

Kwanza, miungu. Greyhawk ilichapishwa mara ya kwanza 1980, na kitabu kile hakikuwa na sura ya miungu. Miungu niliyokuwa naitetea kama vile ilikuwepo tangu kuumbwa iliwekwa kwenye boksi la 1983. Miaka mitatu tu! Nao walikuwa wageni.

Pili, jamii za wahusika. Elfi weusi wa chini ya ardhi walianza 1978 kama maadui wa kuuawa tu, wachezaji wakaruhusiwa kuwa wao 1985. Wale wa nusu orki waliwekwa kwenye kitabu cha wachezaji 1978, wakaondolewa 1989, wakarudishwa 2000. Wale wenye pembe na damu ya kuzimu, tiflingi, walikuja 1994 na dunia ya Planescape, na 2008 wakaingia kitabu kikuu pamoja na watu-joka. Hata wale wafupi wa Tolkien walikuwemo mwanzoni kwa jina lao lenyewe, ikabidi wabadilishwe jina kwa sababu ya mambo ya haki miliki. Yaani hii nyumba imekuwa ikipokea wageni tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyejifanya bawabu.

Tatu, na hii ndiyo iliyonimaliza. Ramani yangu, ile inayofunika kitanda, ni upande wa mashariki tu wa bara zima. Kusini magharibi kuna Bahari ya Vumbi, mahali palipokuwa na dola kubwa ya kichawi iliyoteketezwa kwa mvua ya moto, na baada ya hapo ramani inaisha. Nimeiangalia miaka yote nikidhani naijua dunia. Kumbe naijua wilaya.

Basi nikakaa kama mtu anayejiandaa kupokea mgeni. Nikaangalia wenzetu walifanyaje. Nimeona njia kama nne hivi, nawapa bure.

Ya kwanza, mgeni anatoka mbali. Forgotten Realms, dunia ya Ed Greenwood, 2008 ndivyo walivyofanya: janga la kichawi likalihamisha taifa zima la watu-joka kutoka dunia pacha likalitua juu ya nchi nyingine. Inafanya kazi, ila wenyeji wengi walimaindi, maana nchi yao iliyofunikwa walikuwa wanaipenda. Ukileta mgeni kwa kubomoa chumba cha mwenyeji, usishangae akinuna.

Ya pili, alikuwepo siku zote, ila kwa jina lingine au mahali ambapo hakuna aliyeangalia.

Ya tatu, ni mmoja tu. Hakuna taifa, hakuna mji. Huyu mmoja ana sababu yake.

Ya nne, unaijenga nyumba kubwa tangu msingi. Eberron ya Keith Baker, ya 2004, ilijengwa kwa wazo kwamba chochote kilichopo kwenye mchezo kina nafasi yake humo.

Na nisiwadanganye, wakati mwingine "hapana" ni jibu sahihi. Dragonlance haina orki, na kukosekana kwao ni sehemu ya ladha yake. Dark Sun ni jangwa lisilo na miungu. Ukiweka mungu anayejibu maombi umeiua Dark Sun yenyewe. Lakini hapo "hapana" inalinda kitu cha hadithi. "Hapana" yangu ilikuwa inamlinda mtu aliyepata ziro asionekane hajui.

Malkia Kunguru nilimpatia mlango mzuri mpaka nikacheka peke yangu. Greyhawk ina Nerull, mungu wa mauti mwenye roho mbaya, anachukia kila kinachopumua. Na kwenye maandishi ya baadaye, Malkia Kunguru ndiye aliyempindua Nerull akakalia kiti chake. Yaani kiti kilikuwa kwenye boksi langu tangu 1983! Kazi yangu ikawa moja tu: kuamua kwamba mapinduzi hayo yametokea jana usiku na bado hakuna anayejua. Mahekalu ya Nerull yanaomba na hayajibiwi. Na mtu-joka mmoja anavuka Bahari ya Vumbi peke yake, anatoka nje ya ramani, ndiye wa kwanza kubeba habari.

Nikamtumia dada ujumbe wa sauti. Nilirudia mara sita ndipo nikautuma. Sikuanza na Nerull. Nilianza na, "Dada, pole kwa msiba wa mama. Na nisamehe, nilikucheka."

Kimya siku mbili. Ya tatu akajibu, "Asante kaka. Jumamosi saa ngapi?"

Sio wote waliofurahi. Mmoja wetu, mkongwe kuliko wote, alisema nimeharibu Greyhawk kwa sababu ya mtu mmoja, akaondoka mpaka leo. Namkumbuka, na sidhani kwamba ni mtu mbaya. Alikuwa anaipenda kama nilivyoipenda mimi.

Jumamosi ile kundi lilikuta kijiji kilichopigwa na homa. Wengine wakakimbilia kutafuta hazina. Mtu-joka akasema anabaki kuzika. Nikamwambia ni miili kumi na mmoja, itachukua siku nzima. Akasema sawa. Akazika mmoja mmoja, kila mmoja akimpa jina. Wa mwisho alikuwa mama mtu mzima. Hapo akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Msimulizi, huyu amefika?"

Hakuna kitabu chenye hilo jibu, na dadu sikurusha. Nikamwambia, "Amefika. Alikuwa anasubiri mtu aulize."

Mshkaji akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa nadhani mwenyeji ni mimi.

Haya, zamu yenu. Kama ungekuwa wewe mezani siku ile ya kwanza, ungemkubali mtu-joka au ungekaza kama mimi? Tupia komenti hapo chini, na kwa mkongwe wetu aliyeondoka: kiti chako bado kipo, bro.