Munyu wa Matete

Mukumu iko kandokando ya barabara itokayo Kisumu, kabla ya kuufikia mji wa Kakamega. Kutoka kwetu Lamu ni safari ndefu, nami niliifunga kwa hofu ya ukwe: nilikuwa naenda kwa mara ya kwanza kwa wazazi wa mkaza mwanangu, Waisukha, nisijue tutazungumza nini.

Jioni bibi wa mji ule, ambaye wote humwita Kukhu, alikuwa akipika mrenda. Akatwaa chupa ya maji yenye rangi ya chai kavu, akatia kidogo chunguni. Nikauliza ni nini. Akajibu, "Munyu."

Munyu! Ndivyo marehemu nyanya yangu alivyoiita chumvi, nasi wajukuu tukimcheka.

Ila munyu wetu hutoka baharini, ukakaushwa kwa jua kama pale Gongoni na Ngomeni. Wa kwao hutoka motoni. Kukhu alinieleza kuwa zamani wakikata matete na mafunjo bondeni, wakiyaanika, kisha wakiyachoma. Majivu hutiwa katika chungu kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi, humwagiwa maji kidogo kidogo, na kile kitonacho ndicho musherekha. Hakikolezi kama chumvi yetu. Ukali wake wakaribia wa magadi, nacho hulainisha mboga ngumu na kupunguza uchungu wa mitoo. Baadhi ya Wabukusu, kando ya mto Nzoia, huyachemsha maji hayo hadi yakaacha chumvi kavu, wakaifunga kwa majani ya mgomba.

Asubuhi akanionyesha bonde. Matete yamesalia kichaka kimoja. Kwingine kote ni mikaratusi, mti unywao maji mno. Sikumlaumu mwanawe aliyeipanda, maana karo hailipwi kwa matete. Siku hizi nyumbani huchoma maganda ya maharagwe. Kukhu ashikilia kwamba ladha si ile, nami nilipoonja zote mbili nilimwamini.

Tulipoagana alinipa chupa ile ya matete. Nikamwambia ni yake, asijinyime. Akasema, "Chukua, mwanangu. Hapa hakuna aniulizaye."

Nimeipikia kunde hapa Lamu, na sasa imebaki robo. Juma lililopita mkaza mwanangu alinipigia simu, akaniomba nimwandikie jinsi bibi yake anavyoutengeneza.