Kuketi Kwanza na Kuhesabu

Leo sikuandikii kama mhubiri. Nakuandikia kama mtu aliyemkosea kijana wake mwenyewe.

Unajua kwamba kila wiki ofisi yetu ndogo hapa Masara hutuma video ya ibada kwa wenzetu wa Kisumu wanaoihariri. Kwa miezi kadhaa ilikuwa ikichelewa. Jumanne, Alhamisi, mara nyingine haifiki kabisa. Nikamwita kijana wetu wa mitambo mbele ya wazee, nikamwambia ni mvivu. Hakujibu. Baadaye mhazini akanieleza kwa sauti ya chini kwamba pesa za bando tulizompa zilikuwa zinaisha kazi ikiwa katikati, naye anaongeza za mfukoni mwake. Video ikifika asilimia 90 mtandao unakatika, inaanza upya, na data iliyoliwa hairudi.

Nilinyamaza. Halafu, badala ya kuomba msamaha, nikatangaza tununue dishi la Starlink, maana huduma hiyo ipo Kenya tangu Julai 2023. Ni chombo kizuri, sikatai. Lakini nilitaka sadaka yako ifunike aibu yangu.

Kijana akasema, "Pasta, tuketi kwanza tuhesabu." Unamkumbuka yule mtu wa mnara katika Luka 14? Nimemhubiri mara nyingi, na sikuwahi kufikiria mnara wa simu.

Kamera yetu hurekodi megabiti 25 kwa sekunde. Ibada ya saa mbili inakuwa GB 22 na zaidi. Mtandao wetu hapa hupandisha kama megabiti 2 tu kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo video hiyo inahitaji saa 25 mfululizo bila kukatika hata mara moja. Saa 25! Na mimi nilikuwa naiuliza Jumatatu asubuhi.

Akaipunguza hadi megabiti 3 kwa sekunde. Sasa ni GB 2.7, saa tatu hivi. Kwenye simu yako huoni tofauti kubwa. Sauti peke yake, kwa wanaotaka kusikiliza tu, ni MB 58.

Jioni wachimbaji dhahabu wakitoka mashimoni kila mtu yuko kwenye simu na mtandao unalegea, kwa hiyo yeye hutuma baada ya saa sita usiku. Anatumia rsync, programu ya bure ambayo mtandao ukikatika na kurudi, inaweza kuendelea pale ilipofikia. Video kubwa yenyewe tunaiweka kwenye hadi diski, na mwisho wa mwezi inapanda matatu. Nakala moja hubaki ofisini hadi Kisumu wapige simu kusema imefunguka.

Dishi tumeliacha kwanza.

Jumapili iliyopita nilimwomba msamaha mbele ya wazee walewale. Pesa alizotoa tulizijumlisha kutoka kwenye ujumbe wa M-Pesa katika simu yake. Nusu tumemrudishia, nusu ni mwisho wa mwezi. Kama una hadi diski nyumbani ambayo huitumii, mpendwa, ilete ofisini. Hii yetu imeanza kutoa mlio.