Uzao wa Somin

Hekalu la Yasaka mjini Kyoto, moja ya mahekalu maarufu ya dini ya Shinto, huadhimisha sherehe ya Gion mwezi mzima wa Julai. Chanzo chake ni maradhi ya mwaka 869, ambapo ilisimamishwa mikuki 66, mmoja kwa kila jimbo, kuomba balaa liondoke. Siku hizi magari makubwa ya mbao hukokotwa kwa kamba tarehe 17 na 24.

Mwezi huo wahudumu wengi wa sherehe hawali tango, kwa kuwa likikatwa hufanana na nembo ya hekalu. Kwa Mswahili aliyelelewa kwa kachumbari, hiyo ni saumu ya pili.

Juu ya milango hutundikwa chimaki, hirizi ya sherehe hiyo, kitita cha majani ya mianzi. Ipo chimaki ya kuliwa pia, kwa hiyo mgeni huifungua hii akitafuta wali asiuone. Kikaratasi chake hutangaza kuwa waliomo ndani ni uzao wa Somin Shorai. Husimuliwa kuwa mungu mmoja, akisafiri, aliomba malazi. Tajiri akamfukuza, nduguye Somin, fukara, akamlaza na kumlisha. Maradhi yalipoingia, uzao wa Somin ukasalimika.

Lakini uzao huo ni mgumu wa kupangisha. Katika utafiti wa Wizara ya Sheria ya Japani uliotangazwa 2017, karibu asilimia 40 ya wageni waliotafuta nyumba walikuwa wamekataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Dalali humpigia simu mwenye nyumba mbele ya mteja, huinama kwa adabu hali simu iko sikioni, hukata, kisha hufungua faili jingine. Kumbe Makunduchi, Unguja, mwezi huo huo wa Julai, nyumba isiyopata mgeni siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya huko, huhesabiwa kuwa na mkosi.

Usiku wa 31 Desemba, Yasaka haimuulizi mtu atokako. Kila mmoja hununua kamba, huiwasha kwenye taa zinazochomewa mizizi ya mmea wa okera, akaenda akiizungusha isizimike, ili awashie jiko la supu ya mwaka mpya. Kwenye chumba cha kupanga chenye jiko la umeme, moto huo hauna pa kuwashia. Kamba huzimwa, kipande kilichobaki kikatundikwa jikoni kuwa kinga ya moto, kikinuka moshi.