Ufagio wa Mtoto Uliofungwa na Mama



Juma hili tuanze na jambo ambalo karibu kila mmoja wetu amelifanya, wala hapendi kulisema. Mtoto anarudi kutoka masomo siku ya Alhamisi, anatupa mfuko wake mlangoni, anasema: «Mama, mwalimu anataka kazi ya mikono kesho.» Kesho! Ufagio, au kikapu, au chungu kidogo cha udongo, au kitambaa cha kutarizi. Tunatazama jua, tunatazama sufuria ya sombe iliyo motoni, tunapiga hesabu. Wengine wetu tunamtuma dada yake mbio soko kuu akanunue. Wengine tunakaa usiku na taa ya simu, tunafunga ufagio sisi wenyewe, na mwenye kazi amelala zamani. Asubuhi anaubeba begani. Jioni anarudi na nane kwa kumi, tunamsifu mbele ya baba yake. Lakini aliyepata nane ni nani?

Tulikuwa tunalicheka jambo hili katika mkutano wetu mwaka uliopita. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi. Akatuambia kwamba katika chumba cha vitu cha shule yao fagio zimejaa mpaka dirishani, na nyingi zimefungwa kwa fundo moja: fundo la mama mmoja anayeuza sokoni. Tulicheka mpaka machozi. Kisha akauliza taratibu, «Kati ya watoto wenu, ni nani anayejua kufunga ufagio?» Hapo hakuna aliyejibu.

Tusiwatupie walimu lawama. Katiba ya 2006 ilisema shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019 serikali ilipoanza kulitimiza neno hilo, madarasa yamejaa. Watoto wanabanana kwenye benchi, mwalimu ana ubao mmoja na kipande cha chaki. Somo la desini lipo kwenye ratiba, lakini mara nyingi huwekwa saa ya mwisho, wakati kila mtu ana njaa. Mwalimu anachora nyumba ubaoni, watoto wanainakili, kengele inalia. Darasa la sita ndilo linaumia zaidi, kwa sababu kuna mtihani wa taifa mbele yao, na saa ya desini inaliwa na hesabu.

Basi tukakata shauri kujaribu wenyewe, asubuhi ya kila siku ya posho, katika chumba kile kile tunachofanyia mikutano. Walikuja watoto ishirini na zaidi, wa miaka sita mpaka kumi na miwili. Wengine ni watoto wetu, wengine ni wa jamaa waliokimbia vita vijijini na sasa wanaishi kwenye kambi ya Kigonze au kwa ndugu zao hapa mjini. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyesomea sanaa. Tunajua kushona, kusuka, kufinyanga kidogo, na kupamba keki za arusi.

Posho ya kwanza tuliwaambia, «Choreni nyumba.» Wakachora upesi sana, tukajisifu. Tulipozikusanya karatasi na kuzipanga chini, zilikuwa kama zimetoka kwenye mashine: pembetatu juu, mraba chini, mlango katikati, madirisha mawili, jua lenye miale kwenye kona. Tatu zilikuwa na bomba la moshi juu ya paa. Bomba la moshi! Nani hapa Bunia amejenga nyumba ya bomba la moshi? Limetoka katika vitabu vya Kifaransa, likapita ubaoni, likaingia mikononi mwao bila kupita machoni.

Posho ya pili tukawatoa nje. Tukawaketisha ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya jirani, tukawakataza kushika kreyo mpaka wahesabu. Mabati mangapi? Mawe mangapi yamewekwa juu yake ili upepo usiyang'oe? Pipa la maji ya mvua limesimama wapi? Kamba ya nguo inaanzia kwenye mti gani? Walipoanza kuchora, kazi ilikuwa mbaya kwa macho ya mtu mzima. Kuta zililala, pipa likawa kubwa kuliko mlango. Mama mmoja alikuja kumchukua binti yake, akaitazama ile karatasi, akasema, «Huyu alikuwa anachora mistari imenyooka kwa rula. Ninyi mnamharibu.» Hatukuwa na jibu zuri siku ile. Tulimwambia tu ajaribu kuitambua nyumba yenyewe. Akaigeuza karatasi, akacheka bila kutaka: «Ni kwa mama anayeuza makala.» Ndiyo, ilikuwa kwake, kwa sababu ya magunia matatu karibu na mlango.

Huyo mwalimu wetu alitukumbusha habari ya Lubumbashi, wakati ikiitwa bado Elisabethville. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua pale nyumba ya wachoraji, akakataa kuwapa picha za Ulaya wazinakili. Kila mmoja alitafuta njia yake. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na miti. Bela, aliyekuwa kwanza mtumishi wa nyumbani wa mzungu huyo, aliacha brashi akapaka rangi kwa ncha za vidole. Hatusemi kwamba mzungu yule alikuwa malaika; naye alikuwa na mawazo yake juu ya namna Mwafrika anavyopaswa kuchora. Lakini neno lile la kutowapa watoto kitu cha kunakili tulilishika, na mpaka leo ndilo linalotushinda zaidi. Mkono wa mama unawasha! Mtoto akichora kuku mwenye miguu minne, vidole vyetu vinataka kumnyang'anya kreyo. Sasa tumeweka kanuni: mama anayesaidia anaweka mikono nyuma. Akitaka kusema kitu, aulize. «Kuku wa kwenu anasimama namna gani?» Mtoto atakwenda kumtazama, na kuku wako wengi.

Vifaa vilitusumbua mwanzoni, kwa sababu kreyo za rangi ni za bei na zinavunjika. Baadaye tuligundua kwamba jikoni mna vingi. Makala yaliyosagwa yanatoa weusi. Udongo mwekundu wa barabara zetu, ukichujwa kwa kitambaa, unatoa rangi nzuri sana, na manjano ya chakula inatoa rangi ya jina lake. Majani ya sombe yakisuguliwa yanatoa kijani, lakini baada ya siku chache hugeuka rangi ya chai, kwa hiyo mtoto aambiwe mapema asije akalia. Kila rangi tunaichanganya na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili ishike karatasi. Brashi ni kipande cha muwa kilichotafunwa upande mmoja. Kazi ya kutengeneza brashi hiyo haijawahi kukosa wafanyakazi. Tuliweka kazi za mwezi wa kwanza kwenye kabati. Panya wakala uji wa muhogo pamoja na picha, wakaacha pembe za karatasi tu. Sasa tunazitundika kwenye kamba.

Somo lililotufurahisha kuliko yote halikuwa la kuchora. Mnajua shida ya bidoni: kifuniko kinapotea juma la kwanza, mtoto anabeba maji kutoka robineti, na nusu inabaki njiani na kwenye nguo yake. Tuliwaambia, «Tengenezeni kitu kitakachoziba bidoni hili. Msinunue chochote.» Tukajaza bidoni la lita tano, tukaweka alama kwa makala pale maji yalipofika. Kila kundi libebe kutoka mlangoni mpaka barabarani na kurudi, kisha tutazame alama.

Kundi la kwanza lilileta gunzi la muhindi, kama tunavyofanya sisi wote. Maji yalipita pembeni. Kundi la pili likafunga jani la ndizi kwa uzi; likapasuka kabla ya kufika barabarani. Wasichana wawili wakachukua lile gunzi lililoshindwa, wakalizungushia mpira wa chemba ya pikipiki waliouokota kwa fundi, wakalikandamiza. Tulipogeuza bidoni chini juu, matone machache tu. Lakini mvulana mmoja mdogo akasema ni gumu, yeye hawezi kulivuta. Wakabishana sana. Mwishoni wakatoboa gunzi, wakapitisha kamba ya kuvutia. Ile kamba ikaleta tobo jipya, maji yakatoka tena, wakaanza upya. Saa ya kufunga ikapita, mama wa nyumbani wakaja na hasira zao, wakakuta watoto wamelowa tangu kichwa. Kizibo cha nne ndicho kilichofaa. Mpaka leo kinatumika nyumbani kwa mmoja wa wasichana wale, tumekiona.

Mama mmoja wetu alikulia upande wa Mambasa, kwenye barabara ya kwenda Epulu. Siku moja alileta kitambaa cha gome, ambacho wengi wetu hatukuwa tumekigusa. Wambuti wanakiita pongo. Wanaume wanalitwanga gome la mti mpaka linalainika kama nguo, kisha wanawake wanachora. Wanatumia maji ya tunda la gardenia pamoja na makala, na kalamu yao ni kijiti au kidole. Mistari inakwenda, inavunjika, inaanza upande mwingine. Mahali pengine pameachwa tupu makusudi. Tuseme ukweli, wengine wetu tuliguna, kwa sababu tumezoea kuwataja Wambuti kwa maneno yasiyo mazuri. Huyo mama akatuambia kwamba mwaka 1991 jumba la makumbusho la Dapper, huko Paris, lilitoa kitabu kizima juu ya michoro hiyo ya wanawake wa msitu wetu. Nasi ukutani tumetundika maua ya plastiki kutoka China. Watoto hawakuguna. Waliuliza, «Anajuaje pa kuacha?» Mama akasema hajui, yeye alikuwa anatazama tu akiwa mtoto, na mabinti wa Wambuti nao walijifunza kwa kuwatazama mama zao.

Imebaki habari moja ambayo hatukutaka kuiandika, lakini tulikubaliana iandikwe.

Kulikuwa na mvulana wa miaka minane hivi, mpole, asiyesema sana. Siku moja alipewa karatasi, akachora kidogo akiwa ameinama, kisha akachukua makala akaanza kuipaka yote. Akapaka mpaka pembe zote nne zikawa nyeusi na mikono yake pia. Karatasi zetu tunazinunua kwa michango, kila mmoja anajua. Mmoja wetu alipopita akaona lile giza, akaivuta karatasi mkononi mwake: «Hii siyo majani ya kuokota! Wenzako wanachora, wewe unaharibu.» Sisi wengine tulisikia, tukanyamaza, kwa sababu tuliona ni kweli. Mtoto akaweka makala chini, akaenda kunawa, akatoka. Karatasi ile tuliiwashia jiko la chai.

Posho iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Tukatumana wawili, pamoja na yule aliyemgombeza, tukaenda kwao. Mama yake alikuwa anafua nguo uani. Hakujua habari, mtoto alimwambia tu kwamba karatasi zimekwisha kule. Akamwita, akaja akasimama nyuma ya mama yake. Tulimwomba msamaha, jambo ambalo hatujazoea kumfanyia mtoto, na maneno yalitutoka kwa shida. Kisha tukamwuliza alikuwa anachora nini.

«Usiku,» akasema. «Umeme ulikuwa umekatika.»

Mama yake akauliza, «Na sisi tulikuwa wapi?»

«Mulikuwa ndani. Wewe, na kaka, na mtoto kitandani. Niliwachora kwanza, halafu ndio nikaleta usiku.»

Yule mwenzetu akageuka upande wa ukuta. Hatukuthubutu kumwambia mtoto karatasi yake ilikokwenda, lakini alituuliza mwenyewe kama tumeitunza. Tukamwambia ukweli. Akafikiri kidogo, akasema basi atachora nyingine, lakini anataka karatasi kubwa, kwa sababu bibi naye amekuja kukaa kwao.

Posho iliyopita alirudi. Tulimpa upande wa ndani wa boksi la sabuni, kubwa kama meza ndogo. Asubuhi yote alichora watu kwa kijiti, mmoja mmoja, na sufuria, na viatu mlangoni. Saa ya kufunga ilipofika hakuwa ameanza kupaka makala. Boksi lake tumelitundika kwenye kamba, mbali na panya, linamngoja.

Posho hii tunaanza saa tatu kama kawaida. Aliye na boksi la sabuni au la biskuti asilitupe, alilete. Na mtoto akiagizwa ufagio wa kesho, tumlete na nyasi zake jioni. Tutamwonyesha fundo, atafunga mwenyewe.